Nahodha Asiyelipwa Bado ni Nahodha

Ukikutana na neno "nahodha" usilipite haraka. Asili yake ni Kiajemi, na huko maana yake ilikuwa bwana wa chombo. Maana hiyo haikugusa mshahara wala cheti. Ilimhusu mtu ambaye, nanga ikishang'olewa, kauli yake huwa ndiyo ya mwisho na lawama pia huwa yake. Leo ningependa tulitumie neno hilo kupimia jambo ambalo pengine hukuwahi kuliweka katika fungu la elimu ya uraia, nalo ni namna vyama vya hiari vya wapiga mbizi vinavyoendesha boti zao kwa burudani, bila nauli na bila faida.

Nimesema "wapiga mbizi" kwa makusudi. Ukimwambia kijana wa Dar es Salaam kwamba fulani ni mzamiaji, huenda akadhani unamzungumzia mtu aliyejificha ndani ya meli ili afike ng'ambo bila tiketi. Lugha ina mitego yake. Mpiga mbizi ninayemkusudia hapa ni yule anayevaa mtungi wa hewa mgongoni, akashuka chini ya maji kutazama matumbawe, samaki au mabaki ya meli zilizozama, kisha akarudi juu kunywa chai na wenzake.

Mfano nitakaoutegemea zaidi ni wa Uingereza, kwa kuwa huko vyama vya namna hii vina umri mrefu na taratibu zilizoandikwa. Chama kikubwa kuliko vyote, British Sub-Aqua Club, kilianzishwa mwaka 1953, na matawi yake yametapakaa nchini kote. Tawi linaweza kuwa na wanachama thelathini au mia moja. Wanachagua mwenyekiti, katibu, mweka hazina na ofisa wa uzamiaji, wanatoza ada, wananunua boti. Mara nyingi boti hiyo ni ya mpira wa kujazwa hewa, yenye sakafu ngumu na injini nyuma, inayovutwa kwa gari mpaka ufukweni. Anayeishika usukani Jumamosi ni mhasibu, fundi wa umeme au mwalimu kama mimi. Petroli wanachangiana. Hakuna abiria, hakuna mwajiri, hakuna mteja.

Sheria inasemaje kuhusu chombo cha aina hii? Kanuni za Uingereza za mwaka 1998 kuhusu vyombo vya michezo na starehe vinavyotumika kibiashara zinaeleza pia chombo cha starehe ni kipi, na humo kinaingizwa chombo kinachomilikiwa na chama cha wanachama, kinapotumiwa na wanachama hao au jamaa zao wa karibu tu, ilimradi malipo yoyote yaingie katika mfuko wa chama na kutumika kwa shughuli za chama. Chombo cha namna hiyo hakifungwi na masharti ya ukaguzi yanayokifunga chombo cha biashara. Tena, mtu anayeendesha boti ya starehe baharini nchini humo halazimiki kuwa na leseni ya udereva wa boti. Serikali haikujitoa kabisa, maana tangu Julai 2002 hata mwenye boti ndogo anatakiwa kupanga safari yake kabla ya kuondoka: atazame hali ya hewa na maji kupwa na kujaa, apime uwezo wa chombo na wa watu wake, na amwachie mtu wa nchi kavu habari za anakokwenda. Lakini hakuna ofisa anayesimama ufukweni kukagua kama mpango huo upo. Sehemu kubwa ya usalama imeachwa mikononi mwa wanachama wenyewe.

Hapo ndipo linapoanza somo letu. Mahali ambapo dola imesogea pembeni, nani ameingia? Jibu la haraka ni "urafiki". Nami nashikilia kwamba urafiki, uliachwa peke yake, ni mlinzi dhaifu sana baharini.

Tazama kwanza ugumu wa kazi yenyewe. Kivuko kinachokutoa Entebbe kwenda Visiwa vya Ssese kina lengo moja, kwamba hakuna mtu atakayeingia majini. Boti ya wapiga mbizi inafanya kinyume. Inawatupa watu majini kwa hiari yao, inawapoteza machoni kwa nusu saa au zaidi, kisha inapaswa kuwapata wote, mmoja baada ya mwingine, mahali ambapo huenda pasiwe pale iliposhushia. Maji hayatulii. Katika pwani za Uingereza mikondo ina nguvu kiasi kwamba safari nzima hupangwa kwa ajili ya muda mfupi ambapo maji husimama kati ya kujaa na kupwa. Ukichelewa ufukweni kwa sababu mwenzenu alisahau viatu vyake, umeukosa muda huo, na ukishuka bado, mkondo utakubeba kama jani. Wavuvi wa Pemba na Mafia wangeielewa hesabu hii bila kuelezwa. Wao wana maneno kamili kwa ajili yake: bamvua kwa siku ambazo maji hujaa na kupwa kwa nguvu, maji mafu kwa siku ambazo tofauti ni ndogo. Yaandike maneno hayo katika daftari lako. Sisi tunaojifunza Kiswahili mbali na bahari huyaona ni mapambo ya mashairi, kumbe ni vifaa vya kazi.

Huko chini nako kuna sheria ambazo hazijadiliwi na mkutano mkuu wowote. Katika kina cha mita 10 shinikizo ni mara mbili ya lile la juu. Naitrojeni iliyomo katika hewa huingia mwilini kwa wingi zaidi, na mtu akipanda kwa kasi hutoka kama viputo vya soda iliyofunguliwa ghafla, ikaumiza viungo, mishipa na hata uti wa mgongo. Kwa hiyo wapiga mbizi hupanda polepole, na wengi husimama dakika 3 katika kina cha mita 5 kabla ya kutokeza. Nahodha anayejua hivyo hatawaharakisha. Atakuwa pia na hewa ya oksijeni ndani ya boti, na redio ya VHF inayosikika katika chaneli 16, kwa sababu simu ya mkononi haina uhakika maili kadhaa kutoka nchi kavu.

Kisha ipo rafadha, yaani lile panga la injini linalozunguka chini ya maji. Mtu anayetokeza juu hasikii vizuri injini iko upande gani. Kwa sababu hiyo boti hupeperusha bendera ya herufi A, nyeupe na buluu, inayowaambia wengine: nina mtu chini, kaeni mbali na mwendo uwe wa polepole. Mpiga mbizi naye hupandisha boya jembamba la rangi kali kabla hajatokeza. Na nahodha, mtu anapokaribia kupanda botini, huitoa injini kwenye gia. Wengine huizima kabisa. Mimi nasema waizime. Nimesikia hoja kwamba injini ya zamani huenda isiwake tena na boti ikasukumwa na upepo kuelekea miambani. Injini isiyoaminika kuwaka haikupaswa kuondoka ufukweni.

Hoja hiyo inatupeleka kwa mtu ambaye hatumfikirii katika mambo ya usalama, mweka hazina. Ukarabati wa injini, kubadilisha jaketi okozi zilizochakaa, kujaza oksijeni, bima: yote hupitia katika daftari lake. Chama kinachojisifu kwa ada ndogo kuliko vyama vyote jirani kinapaswa kuulizwa mara ya mwisho injini ilifunguliwa lini. Mwanachama anayeshangilia ada kutopanda kwa miaka mingi huenda anashangilia jambo asilolijua.

Nikueleze matukio mawili, moja la biashara na moja la familia, kisha uone kwa nini chama kimesimama katikati yao.

Mwezi wa Januari 1998, boti ya kibiashara iliwapeleka wapiga mbizi kwenye matumbawe makubwa ya Australia, katika jimbo la Queensland. Jioni ilirudi bandarini ikiwa imewaacha mume na mke, Wamarekani, baharini. Haikugunduliwa kwamba hawapo mpaka baada ya siku mbili. Miili yao haikupatikana kamwe. Boti hiyo ilikuwa na wafanyakazi wanaolipwa, na bado hesabu ya vichwa ilikosewa. Hesabu ya vichwa ni kitu chepesi kukosea: mtu mmoja anahama upande, mwingine anaruka tena majini kuogelea, na nambari inatokea kuwa ile uliyokuwa ukiitarajia. Akili hupenda kuiona nambari inayotarajiwa. Ndiyo maana naona kuhesabu hakutoshi. Yaitwe majina, na kila mtu aitikie kwa sauti yake mwenyewe, asiitikiwe na rafiki. Katika boti ya watu wanane wanaofahamiana tangu utotoni jambo hili linaonekana la kitoto, kama mahudhurio ya darasa la kwanza. Liwe la kitoto. Linachukua nusu dakika.

Tukio la pili ni la Mei 2013, karibu na mji wa Padstow, kusini magharibi mwa Uingereza. Familia ya watu sita ilirushwa majini kutoka katika boti yao ya mpira iliyokuwa ikienda kwa kasi. Boti za aina hiyo huwa na kamba fupi ambayo mwendeshaji hujifunga mguuni au mwilini. Akianguka, kamba huchomoka na injini huzimika papo hapo. Siku hiyo kamba haikuwa imefungwa kwa mtu. Boti iliendelea kuzunguka yenyewe juu ya watu waliokuwa wakielea. Baba na binti yake wa miaka 8 walikufa, na wengine wakajeruhiwa vibaya. Kamba ilikuwepo. Haikuhitaji fedha wala mafunzo ya miaka. Ilihitaji tu mtu mmoja wa kusema, kabla ya safari, "Umejifunga?"

Kwa nini mtu huyo ni mgumu kupatikana katika kundi la marafiki? Fikiri umeamka saa kumi usiku, umesafiri kwa gari saa nne, umesaidia kuisukuma boti mpaka kiunoni katika maji ya baridi. Upepo umeanza kuongezeka. Anayeshika usukani leo ni mzee wa chama, ndiye aliyekufundisha kupumua chini ya maji, na mwaka jana alikuja kwenye harusi yako. Wenzako sita wako kimya. Kila mmoja ana shaka, na kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mwenye shaka. Katika boti ya biashara ungekuwa mteja, na mteja ana haki ya kulalamika; ungedai fedha zako na kushuka. Katika chama huna hata mlango huo. Ukisema "tusiende", umemkosea mzee heshima, umewaharibia sita siku yao, na umekuwa mwoga. Basi unanyamaza, na boti inaondoka kwa uamuzi ambao hakuna aliyeufanya.

Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Mrama ni ule mwendo wa chombo kuyumba ubavu huku na huku, na methali hii hunukuliwa sana na wakubwa wasiotaka kuulizwa. Tuisome vizuri. Inakataza watu wengi kutoa amri ya kwenda. Haikatazi wengi kuwa na haki ya kukataa. Hizo ni mamlaka mbili tofauti, na taratibu bora za vyama vya wapiga mbizi zimezitenganisha kwa uangalifu ambao mabunge mengine yangeweza kuuiga. Ofisa wa uzamiaji wa tawi anawajibika kwa wanachama kwa mwaka mzima. Kwa kila safari yupo msimamizi mmoja anayeamua nani anashuka, na nani, kwa kina gani, kwa muda gani, na anayeandika saa ya kushuka na saa ya kutoka ya kila jozi. Juu ya chombo chenyewe yupo nahodha, na kwa mambo ya chombo hata msimamizi humtii. Amri basi ina mwenyewe. Lakini miongoni mwa wapiga mbizi imezoeleka pia kanuni nyingine, kwamba mtu yeyote anaweza kuikatisha mbizi yake wakati wowote, kwa sababu yoyote, na hatadaiwa maelezo.

Hilo la kutodaiwa maelezo ndilo ninalolipenda kuliko yote. Haki ya kukataa inayotakiwa kujieleza mbele ya wakubwa huku boti inasubiri ni haki ya wenye ulimi mwepesi tu. Mgeni, kijana, mwanamke pekee katika kundi, mtu asiyeimudu lugha ya wenzake, hao hawataitumia. Kwa hiyo iandikwe katika katiba ya chama, na isomwe kwa sauti ufukweni kabla ya kila safari, ili anayeitumia aonekane anafuata utaratibu na asionekane anamgomea mtu. Urafiki hupona pale ambapo kanuni imebeba uzito wa lile neno "hapana".

Jambo jingine ninaloliheshimu ni ripoti za matukio. Kila mwaka chama hicho cha Uingereza hukusanya habari za ajali na za mambo yaliyokaribia kuwa ajali, zikiletwa zaidi na wanachama wenyewe, kisha huzichapisha bila majina ili kila mtu asome. Injini iliyogoma, mtu aliyepanda kwa kasi, boti iliyoingia maji. Hakuna sheria inayomlazimisha mwanachama kuandika. Anaandika kwa sababu wengine waliandika kabla yake naye akafaidika. Linganisha na desturi yetu ya kufunika mambo ili chama kisiaibike, mpaka mwaka wa pili mtu mwingine anakufa kwa kosa lile lile.

Huenda sasa unaniambia kwamba haya ni mambo ya Waingereza wenye boti na muda. Njoo nyumbani. Tarehe 24 Novemba 2018, katika Ziwa Viktoria, wilayani Mukono, si mbali na Kampala, chombo cha starehe kiitwacho MV Templar kilipinduka kikiwa na watu waliokwenda kusherehekea wikendi yao. Zaidi ya watu 30 walikufa, na mmiliki wake alikuwa miongoni mwao. Serikali ilieleza kwamba kilibeba watu kupita uwezo wake na hakikuwa na leseni. Hakikuwa kivuko cha maskini waliokosa njia nyingine. Walikuwa watu wa starehe, wengi wakifahamiana, katika chombo cha mtu wanayemjua. Siwalaumu waliokufa. Nauliza tu ni mara ngapi sisi wenyewe tumepanda chombo kwa sababu mwenye nacho ni rafiki, na kumwomba jaketi okozi kungeonekana ni kumtukana.

Baada ya msiba kama ule husikika sauti zikitaka kila boti, hata ya marafiki wanne, ipewe leseni, ikaguliwe na ipigwe muhuri. Kwa chombo kinachochukua umati mimi naunga mkono bila kusita. Kwa chama kidogo cha wanachama nasita. Muhuri uliopigwa mwezi wa Januari haujui upepo wa Agosti, na katika nchi ambazo muhuri hununulika, chama chenye karatasi safi kinaweza kuwa cha hatari kuliko kisicho nayo. Isitoshe, watu wanaojitungia kanuni na kuzifuata wanajifunza kujitawala, na shule za namna hiyo si nyingi.

Lakini uhuru huo una mpaka mmoja, na hapa sina huruma. Siku chama kinapomchukua mgeni na kumtoza fedha, hata kama zinaitwa "mchango wa petroli", kimefungua biashara. Mwanachama alisoma katiba, anaijua injini, alimpigia kura ofisa wa uzamiaji. Mgeni hana lolote kati ya hayo. Amenunua kiti na kuamini. Anastahili ulinzi wote wa sheria anaoupata abiria, na chama kinachotaka fedha zake huku kikijificha nyuma ya jina la hiari kinawaharibia vyama vyote vya kweli. Likija jambo hilo mbele ya hakimu, ningependa hakimu atazame fedha ziliingia mfuko gani na aliyezitoa alikuwa na kura gani.

Kwa wale mnaofanya zoezi la mwezi huu: kama shule au parokia yenu ina chama kinachowapeleka watu ziwani au mtoni, ombeni katiba yake na mtafute humo mambo matatu. Nani ana amri chombo kikiwa majini? Mwanachama anaweza kukataa kwenda bila kujieleza? Mtu gani wa nchi kavu huachiwa orodha ya majina na saa ya kurudi? Likikosekana mojawapo, mwandikieni katibu barua rasmi ya maneno 300, yenye anwani mbili, kumbukumbu na mada iliyopigiwa mstari, mkipendekeza kifungu cha kuongezwa. Kifungu kiwe na sentensi zisizozidi tatu. Nitasahihisha ngeli na tahajia, na zile zitakazokuwa tayari mtazipeleka wenyewe kwa mkono.